Kompresa ya bar 300 nyumbani kwa bunduki za upepo: tuanze na maji na joto, presha baadaye

Mlenga_Midlands (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Swali linalonifikia mara kwa mara ni hili: "Nimeona kompresa ya bar 300 mtandaoni, bei imeshuka, ninunue?" Nimeona bora niandike kwa kirefu ili jibu likae mahali pamoja. Naishi Uingereza, katikati ya nchi, ambako kulenga shabaha kwa bunduki ya upepo ni mchezo wa kawaida wa klabu. Hapa sizungumzii kuwinda wala kuongeza nguvu ya bunduki. Nazungumzia hewa: jinsi ya kuibana, kuikausha na kuitunza bila kumdhuru mtu.

Kwa mgeni wa mada, bunduki ya PCP hubeba hewa yake kwenye mtungi mdogo chini ya mtutu. Unaijaza mpaka bar 200 au 250 (bar 1 ni takriban presha ya hewa ya kawaida inayotuzunguka), nyingine hadi 300, halafu kila ukifyatua inatumia kiasi kidogo cha hewa hiyo. Wazo lenyewe ni la zamani sana. Jeshi la Austria lilikuwa na bunduki ya upepo ya Girardoni tangu karne ya 18, na msafara wa Lewis na Clark ulibeba moja ulipovuka Marekani mwaka 1803 hadi 1806. Mtungi wa Girardoni ulihitaji mapigo yapatayo 1,500 ya pampu ya mkono. Leo wanamichezo wa mita 10 kwenye Olimpiki, mchezo ulioanza Los Angeles 1984, wanatumia bunduki za mitungi ya bar 200, na tatizo bado ni lile lile: hewa utaipata wapi?

Njia ni tatu. Pampu ya mkono inafaa kwa mwenye bunduki moja yenye mtungi mdogo na mwenye mwili wa kazi. Ya pili ni kununua mtungi mkubwa na kuupeleka dukani kwa wapiga mbizi wakujazie. Ya tatu ni kompresa yako mwenyewe, na hapa ndipo watu wanapoteza fedha.

Tuanze na hesabu, kwa sababu wauzaji wengi hawaitaji. Bunduki yenye mtungi wa sentimita za ujazo 200, ukiitoa bar 100 ukaipandisha bar 200, inakula lita 20 za hewa ya kawaida. Mtungi wa nyuzi za kaboni wa lita 6.8 ukijaa bar 300 unabeba kama lita 2,000. Yaani kuujaza mtungi huo kutoka sifuri ni sawa na kuijaza bunduki hiyo mara mia. Sasa chukua kompresa ndogo ya volti 12, ile ya kubeba kwenye buti la gari, inayoijazia bunduki yako kwa dakika kumi hivi. Zidisha kwa mia. Ni zaidi ya saa 16 za kazi, na mashine hizo huhitaji kupumzishwa kila baada ya muda mfupi. Mtu akiniambia anataka kujazia mtungi mkubwa kwa mashine hiyo, namwambia bila kumung'unya maneno: utaiua. Mashine ndogo ijaze bunduki, basi. Mtungi mkubwa una mashine zake.

Mashine hizo kubwa ndizo wanazotumia wapiga mbizi. Coltri MCH-6 hutoa kiasi cha lita 80 kwa dakika, Bauer Junior II lita 100. Kwa lita 80, mtungi wa 6.8 unajaa kwa dakika 25 au zaidi kidogo. Katikati ziko zile za bei nafuu za umeme wa nyumbani zenye kichwa kinachopozwa kwa maji ya ndoo. Ni nafuu kweli na zinafanya kazi, ila mzigo wote wa kuzilinda na kukausha hewa unabaki mabegani mwako.

Sasa joto. Hewa ukiibana inachemka, kama pampu ya baiskeli inavyochoma kiganja. Kutoka bar 1 hadi 300 ni mara 300, na hakuna pistoni moja inayoweza kazi hiyo. Mashine ya hatua mbili hugawa kazi: kila hatua inabana kama mara 17. Mashine ya hatua tatu inabana karibu mara 7 tu kila hatua. Kwenye karatasi, bila kupoza, kubana mara 17 kunaipandisha hewa ya nyuzi 20 hadi karibu nyuzi 390. Kubana mara 7 kunaifikisha nyuzi 240 hivi. Kwa hali halisi silinda na mabomba hupunguza sana, lakini tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini mashine ya hatua tatu inaishi miaka na ya hatua mbili inakula ringi za pistoni na oringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji). Ndoo ya maji, feni, na muda wa kupumzika ni sehemu ya mashine. Kitabu kikisema zima kwa joto fulani, zima. Huku baridi ikiingia ongeza kipoza injini kwenye maji, maana maji yakiganda ndani ya kichwa yanapasua chuma.

Nakuja kwenye jambo ambalo moyo wangu uko hapo: maji.

Hewa unayovuta nje haijakauka. Siku ya nyuzi 15 huku, unyevu wa asilimia 75, kila mita ya ujazo ina karibu gramu 10 za mvuke. Dar es Salaam kwa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, ni kama gramu 24. Kujaza mtungi wa 6.8 unameza mita za ujazo mbili. Huku ni gramu 20 za maji. Dar ni karibu 50, zaidi ya vijiko vitatu vya chakula. Na ukibana hewa, nafasi ya mvuke inapungua: ndani ya mtungi huo uliojaa, hata gramu moja ya mvuke haitoshei. Yote mengine yanageuka maji. Ama utayatoa njiani, ama yatakaa ndani ya mtungi na bunduki, yatakula chuma cha valvu, yataozesha springi za regulita (kifaa kinachosawazisha presha ndani ya bunduki), na siku moja bunduki inaanza kupiga juu na chini bila sababu unayoiona.

Kipimo cha hewa ya kupumulia Ulaya, EN 12021, kinataka hewa inayotoka kwenye kompresa ya mitungi isizidi miligramu 25 za maji kwa mita ya ujazo. Linganisha na gramu 24 za Dar: unatakiwa kuikausha takriban mara elfu. Bunduki si pafu, lakini chuma kinapenda kipimo hicho hicho.

Habari njema ni kwamba kubana kwenyewe kunakausha, ukikusaidia. Hewa ya bar 300 ikipozwa hadi nyuzi 30 kabla ya kufika kwenye filta, karibu maji yote yameshageuka matone, na kwenye kitenganishi yanakwama. Kinachobaki cha mvuke ni kidogo, kama miligramu mia hivi kwa kila mita ya ujazo ya hewa ya nje, na kazi hiyo filta ya chenga za kunyonya unyevu inaiweza. Hewa hiyo hiyo ikifika filta ikiwa nyuzi 50, mvuke ni karibu mara tatu. Na mwanzoni mwa kujaza mtungi mtupu, presha ikiwa bar 50 tu, ni mara sita. Ndiyo sababu mashine za kweli zina valvu inayozuia hewa kutoka kwenye filta mpaka presha ifike bar 120 au 150. Ukinunua mashine nafuu isiyo na valvu hiyo, inunue kando na uifunge. Kwangu hiyo ni muhimu kuliko geji nzuri.

Kisha fungua skrubu ya kutolea maji kila baada ya dakika chache. Si mwisho wa kazi, katikati ya kazi. Kitenganishi kikijaa, maji yanapanda kwenye filta, filta inakufa, na hutaambiwa.

---

Kijana_Ilala

Mkuu ahsante sana, umenifungua macho. Naomba kueleweshwa: silika jeli ile ya rangi, ya kwenye pakiti za viatu, siwezi kuweka kwenye filta? Na je, bongo naweza kuagiza bunduki na kompresa vikaja kwa kontena?

---

Mlenga_Midlands

Kijana, silika jeli inakwambia kwa rangi kuwa unyevu umepita, na kwa hilo inasaidia. Kama kikaushaji cha mwisho haitoshi. Kinachotakiwa ni zeolaiti ya 13X (chenga za kunyonya unyevu), na baada yake mkaa amilifu unaonasa mvuke wa mafuta. Utaratibu ni huo: hewa ikaushwe kwanza, mkaa ufuate, kwa kuwa mkaa uliolowa haushiki mafuta vizuri. Na punje zisiwe na vumbi, vumbi linaenda moja kwa moja kwenye valvu.

Kuhusu kuagiza, kompresa ni mashine tu. Bunduki ni habari nyingine. Kila nchi ina sheria yake na mtu asikudanganye kwamba ni "upepo tu". Hapa England na Wales bunduki ndefu ya upepo ambayo nguvu ya risasi yake haizidi juli 16.27 haihitaji leseni kwa mtu mzima, lakini ukivuka mpaka tu kuingia Scotland unahitaji cheti, tangu tarehe 31 Desemba 2016. Nchi moja ya kifalme, sheria mbili. Kabla hujalipa hata shilingi, nenda kitengo cha silaha cha polisi ukaulize na upate jibu kwa maandishi.

---

Fundi_Mbizi_Diani

Mwanzisha uzi umeandika vizuri. Mimi ni fundi wa kompresa za wapiga mbizi huku pwani, kazi yangu ni hizo hizo Bauer na Coltri, na naongeza ya upande wangu.

Kwanza unyevu wa pwani usiuchukulie kama karatasi inavyosema. Saa saba mchana kando ya bahari, mabomba yanatoa maji mpaka unashangaa. Sisi tunajaza alfajiri tunapoweza, hewa ikiwa ya baridi, na mashine inakaa kivulini penye upepo, bomba la kuvutia hewa likiwa juu na mbali. Mbali na nini? Mbali na moshi wa jenereta. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu umeme ukikatika watu huwasha jenereta ya petroli pembeni kabisa ya kompresa. Kaboni monoksidi inaingia kwenye mtungi na haina harufu.

Na hapa ndugu zangu wa bunduki nawaomba sana: mtungi uliojazwa na kompresa nafuu ya nyumbani usipumuliwe, hata kwa dakika moja, hata kwa kusafisha ngalawa chini. EN 12021 hiyo hiyo inataka mafuta yasizidi miligramu 0.5 kwa mita ya ujazo na kaboni monoksidi isizidi sehemu 5 kwa milioni. Mashine ya ndoo haikukuahidi hivyo. Andika kwenye mtungi kwa rangi: SI WA KUPUMUA. Siku utakapouuza au mtoto wa jirani atakapouazima, maandishi yatamsemesha.

Pili ni mafuta. Ndani ya kichwa tumia mafuta ya kompresa ya presha kubwa aliyoyataja mtengenezaji. Mafuta ya injini ya gari yanaungua kwa joto lile, yanaacha masizi kwenye valvu, na masizi yenye moto ndani ya hewa iliyobanwa ni mlipuko unaosubiri.

---

Mama_Geji

Nilikuwa nasoma kimya, sasa nauliza. Mume wangu yuko Texas, ana mtungi wa nyuzi za kaboni alionunua mtumba kutoka kwa zimamoto. Umeandikwa 4500 psi. Anasema uko sawa kwa kuwa hauna mkwaruzo. Mimi naogopa, unakaa chumba cha watoto chini ya kitanda. Naogopa bure?

---

Mlenga_Midlands

Dada, huogopi bure, na nakushukuru umeuliza.

4500 psi ni bar 310. Mtungi wa lita 6.8 ukijaa hivyo una nishati ya karibu megajuli moja, ambayo ni kama robo kilo ya TNT. Mtungi mzima, uliopimwa na wenye valvu yake, ni salama na watu wanatembea nao mgongoni wakiingia kwenye moto. Mtungi ambao hakuna anayejua historia yake ni jambo lingine kabisa.

Mwambie asome kibandiko kilicho chini ya resini kwenye mwili wa mtungi. Atakuta mwezi na mwaka wa kutengenezwa na tarehe za kupimwa kwa maji. Huko Marekani mitungi hii mingi hupimwa kila miaka 5, na mingi ya zimamoto maisha yake ni miaka 15, baada ya hapo haipimwi tena wala haijazwi tena. Zimamoto huiuza kwa bei ya kutupa mara nyingi kwa sababu hiyo. Kama imepita miaka yake, hakuna mjadala: atoe hewa yote taratibu, aondoe valvu, autoboe. Kutoonekana mkwaruzo hakumaanishi kitu, maana nyuzi zinaweza kuwa zimekatika ndani kwa pigo la zamani.

Hata ukiwa mzima, chumbani kwa watoto hapana. Stoo yenye kivuli, umefungwa usianguke, mbali na jua na kemikali.

---

Mama_Geji

Ameangalia. Ni wa mwaka 2006. Ameutoa nje tayari, anatoa hewa. Mungu awabariki.

---

Mzee_wa_Oringi

Vizuri sana dada.

Naongeza moja ambalo sijaliona kwenye uzi. Oringi zikikauka watu hupaka WD-40 au grisi ya gari kwenye kiungio cha kujazia. Msifanye. Grisi ya petroli ikikutana na hewa ya bar 200 inayoingia kwa kasi, inawaka yenyewe, vile vile dizeli inavyowaka kwenye injini bila plagi. Paka grisi ya silikoni safi, chembe tu, basi.

Na oksijeni. Kuna kijana alishawahi kuuliza klabuni kwetu kama anaweza kutumia mtungi wa oksijeni wa kuchomelea, kwa kuwa una presha kubwa na unapatikana kila gereji. Nasema kwa herufi kubwa: HAPANA, KAMWE. Oksijeni tupu kwa presha hiyo huwasha oringi, huwasha grisi, huwasha hata alumini. Bunduki inageuka bomu mikononi. Anayetaka gesi bila kompresa apate nitrojeni kavu kwa wauza gesi, kwa regulita inayofaa presha hiyo. Nitrojeni ni safi, kavu, na bunduki haijui tofauti. Ajaze mahali pa wazi tu, isije kujaa chumbani.

---

Kijana_Ilala

Mzee hapo kwa nitrojeni umenipa wazo. Lakini mtungi wa duka la gesi hauna presha ndogo kuliko bunduki?

---

Mzee_wa_Oringi

Mara nyingi huja na bar 200 au 230 hivi. Kwa bunduki inayojazwa 200, utapata mijazo michache kamili halafu inashuka. Mlenga fanya hesabu, wewe ndiye mwalimu.

---

Mlenga_Midlands

Hesabu ni ile ile. Kila mjazo wa lita 20 unashusha mtungi mkubwa kwa lita 20 ukigawanya kwa ujazo wake. Mtungi wa lita 7 unashuka karibu bar 3 kila mara. Ukiwa bar 300, unapata mijazo 35 kamili kabla haujafika 200. Ukiwa bar 232, ni 11 tu. Ndiyo maana nasema kwa bunduki, presha ya mtungi ni muhimu kuliko ukubwa wake. Na angalia nyuzi za skrubu za kiungio: DIN (kiungio cha kuskrubu cha mitungi) ya 232 ina nyuzi tano, ya 300 ina saba. Zimetofautishwa makusudi ili kiungio cha bar 232 kisifike kwenye valvu ya 300. Asikuuzie mtu adapta ya kukwepa hilo.

---

Fundi_Mbizi_Diani

Na mjaze polepole. Mtungi ukijazwa haraka unachemka, geji inasoma 300, mnazima kwa furaha. Ukipoa kutoka nyuzi 50 kurudi 20 unakuta 272. Watu wanadhani unavuja. Hauvuji, ulikuwa moto. Na msizidishe hadi 330 "ili ukipoa iwe 300", alama iliyogongwa shingoni mwa mtungi ndiyo kikomo.

---

Asha_wa_Shabaha

Swali langu ni dogo. Nimenunua kompresa ya ndoo miezi iliyopita na nimekuwa nikijazia bunduki moja kwa moja. Nitajuaje kama maji yamekwisha kuingia?

---

Mlenga_Midlands

Dada Asha, jaza, kisha funga valvu. Unapotoa hewa iliyobaki kwenye mpira kwa skrubu, shikilia karatasi nyeupe ya shashi au kioo cha mkono sentimita kumi mbele yake, uso ukiwa pembeni na miwani ya usalama machoni. Ikitoka nyeupe kavu, endelea. Ukiona ukungu unaobaki kwenye kioo, filta yako imechoka. Ukiona rangi ya kahawia au harufu ya mafuta, simamisha kila kitu mpaka ubadilishe filta na ringi za pistoni zikaguliwe.

Kwa bunduki yenyewe, dalili ya kwanza ni mwendo wa risasi kuyumba. Kama una kipima mwendo, piga risasi kumi uandike namba zake leo, uziweke kwenye daftari pamoja na saa ilizofanya kazi kompresa. Rudia mwezi ujao. Regulita nzuri hutoa namba zinazokaribiana. Zikianza kutawanyika, toa hewa yote ya bunduki kwa njia ya kitabu chake, mpelekee fundi wa bunduki za upepo aifungue, usijifungulie mwenyewe ikiwa na presha hata ya bar 20.

Halafu weka filta mpya kabla ya kuijaza tena. Ukitaja aina ya mashine uliyonayo na ukubwa wa kiungio cha filta, Fundi wa Diani atakwambia kifuko gani kinaingia.

---

Asha_wa_Shabaha

Ni ya hatua mbili, volti 220, filta ndefu ya chuma yenye uzi wa inchi 1/8 pande zote. Nimepiga picha, naituma jioni nikitoka kazini.